Mashine ya CNC ya Nyumbani Inapokosea: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Mashine ndogo ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile inayowekwa juu ya meza katika chumba cha uani na kuchonga vibao, nakshi za milango na herufi za matangazo, ina tabia moja ambayo mmiliki wake anapaswa kuifahamu kabla hajanunua hata spana: haijui ilipo. Bodi yake hutuma mapigo ya umeme kwa mota, huyahesabu mapigo hayo, kisha huamini kwamba biti, yaani kisu kinachokata mbao, imefika ilikoagizwa. Mota ikishindwa kuzunguka, skrubu ikilegea au ubao ukisogea, bodi haipati habari yoyote, nayo itaendelea na kazi kwa utulivu ule ule huku ikiuharibu msaji ulioufuata Muheza kwa nauli yako mwenyewe.

Kutokana na tabia hiyo, hitilafu nilizokutana nazo katika karakana yangu ya Ngamiani, hapa Tanga, karibu zote zimeangukia katika mojawapo ya maswali manne. Je, agizo limefika kwenye bodi? Je, mota imelitii agizo? Je, chuma kimeifuata mota? Je, mbao imetulia mahali pake? Ninashauri maswali haya yaulizwe kuanzia la mwisho kurudi la kwanza, kwa kuwa mbao na chuma hukaguliwa bure, ilhali bodi hununuliwa, na mara nyingi huagizwa kutoka mbali. Wengi wetu hufanya kinyume: mashine ikikosea tunakimbilia kubadilisha bodi, kisha tunagundua wiki tatu baadaye kwamba skrubu ya shilingi mia mbili ilikuwa imelegea.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa mashine zinazotumia programu ya GRBL, ambayo hukaa ndani ya bodi za aina ya Arduino Uno na ndiyo iliyomo katika mashine nyingi za bei nafuu. Mwenye programu nyingine atakuta majina ya mipangilio yametofautiana, lakini mpangilio wa uchunguzi ni ule ule.

Kabla ya kugusa chochote

Zima mashine na uchomoe plagi kila unapotaka kugusa waya. Kama mota inayozungusha biti inaendeshwa na inveta, yaani kifaa kinachotawala kasi yake, subiri dakika kumi baada ya kuzima kabla ya kuifungua, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme unaoweza kuua. Usichomoe waya wa mota wakati bodi ina umeme, hata kwa sekunde moja, maana kitendo hicho kinatosha kuiunguza draiva, yaani kile kisahani kidogo kinachoilisha mota. Vilevile usisukume mashine kwa mkono kwa kasi ikiwa imezimwa, kwani mota inayozungushwa huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi, isogeze taratibu.

Miwani, vizuia sauti vya masikio na barakoa ya vumbi ni vya lazima hata unapojaribu tu. Vumbi la mvule huwasha pua na mapafu, na madhara yake hayaonekani siku ya kwanza.

Jambo jingine ni daftari. Unganisha mashine na kompyuta, andika $$ katika sehemu ya maagizo ya programu inayotuma kazi kwa mashine, na bodi itakuonyesha mipangilio yake yote. Inakili yote, kwenye faili na kwenye karatasi, siku ambayo mashine inafanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo hati utakayoilinganisha na hali ya mashine siku itakapougua. Tangu hapo, kila unalobadilisha liandike pamoja na matokeo yake, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja na mashine ikapona hatajua kilichoiponya, na ikiugua tena ataanza upya.

Kosa linajirudia au linatangatanga?

Swali hili ndilo linalookoa muda kuliko mengine yote, nami ningemwomba msomaji asilipite haraka. Chukua faili lile lile lililoharibika, ondoa biti, funga kalamu mahali pake kwa mpira au kishikio chochote, tandika karatasi juu ya meza na uifunge kwa gundi ya utepe. Weka alama mahali pa kuanzia, kisha acha mashine ichore kazi yote na irudi ilipoanza. Rudia mara tatu juu ya karatasi ile ile.

Mistari ya safari zote tatu ikilaliana na kalamu ikarudi kwenye alama, basi bodi, mota na chuma viko sawa bila mzigo, na hitilafu imo katika ukataji wenyewe: biti butu, mwendo mkubwa kupita kiasi, au ubao usioshikwa vizuri. Mistari ikikosea mahali pale pale kila safari, tazama faili, au tazama mashine inapofika mahali hapo, kwani huenda pana takataka kwenye reli, waya unaovutika, au skrubu iliyopinda. Mistari ikikosea kila safari mahali tofauti, tatizo ni la umeme, la joto au la kitu kilicholegea. Hitilafu za namna hii ndizo waja leo waondoka leo wa karakana, na zinahitaji subira kuliko fedha.

Kuna namna ya nne ambayo watu huisahau: kosa dogo linalokua. Mchoro unaanza sawa, lakini kila safari unasogea upande mmoja kwa nusu milimita. Hilo kwa kawaida humaanisha kwamba mota inapoteza pigo moja kila inapogeuza mwelekeo, na tutalirudia hapa chini.

Kompyuta na bodi zisiposemezana

Sehemu hii haina mengi. Kama kompyuta haioni bodi kabisa, jaribu kebo nyingine ya USB kabla ya lolote, kwa sababu kebo nyingi za simu hupitisha umeme wa kuchaji tu na hazipitishi data. Bodi nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, ambayo katika baadhi ya kompyuta huhitaji programu yake ndogo iwekwe kwanza. Kama bodi inaonekana lakini inajibu kwa herufi zisizoeleweka, kasi ya mawasiliano haijalingana. GRBL ya sasa hutumia 115200. Kama mawasiliano yanakatika baada ya dakika kadhaa za kazi, zuia kompyuta isilale na isizime milango yake ya USB kwa ajili ya kuokoa betri. Yakiendelea kukatika hasa mota ya biti inapowaka, soma sehemu ya "Friji la barafu" hapa chini.

Maneno ya mashine yenyewe

GRBL ikisimama huandika sababu, lakini huiandika kwa namba, na wengi hufunga dirisha bila kuisoma. Anayeanza hukutana kwanza na error:9, akadhani bodi imeharibika. Maana yake ni kwamba mashine imefungwa na haitapokea maagizo mpaka ifunguliwe. Mashine yenye swichi za mipaka, zinazobonyezwa inapofika mwisho wa njia yake, huwaka ikiwa katika hali hiyo kila siku, nayo hufunguliwa kwa agizo la $H, ambalo huipeleka nyumbani, yaani kwenye kona ya swichi zake. Agizo la $X pia huifungua, lakini bila kuipeleka nyumbani, kwa hiyo lisitumike kama mazoea.

ALARM:1 inasema swichi ya mpaka imeguswa wakati wa kazi, na baada yake usiamini tena mahali ilipo mashine. Ipeleke nyumbani upya. ALARM:2 inasema faili limeiagiza mashine ivuke eneo lake, na hapa mahali hapajapotea, kwa sababu bodi imekataa kabla ya kwenda. Mara nyingi chanzo ni kuweka sifuri ya kazi, yaani mahali vipimo vya kazi vinapoanzia, karibu mno na ukingo wa meza. ALARM:3 hutokea ukibonyeza kitufe cha kuanzisha upya huku mashine ikitembea. ALARM:8 na ALARM:9 huhusu safari ya nyumbani: katika ya kwanza swichi imeguswa na haijaachia mashine iliporudi nyuma, na katika ya pili swichi haikupatikana kabisa. Kwa zote mbili, bonyeza swichi kwa kidole mashine ikiwa imesimama na uangalie katika programu kama hali yake inabadilika. Isipobadilika, waya umekatika au swichi imekufa. Ikionekana imebonyezwa muda wote, huenda mpangilio wa $5 umegeuzwa.

Error:22 humaanisha kwamba faili halikutaja kasi ya kusogea, na error:20 kwamba lina agizo ambalo GRBL haina. Zote mbili hutokana na programu ya michoro kuandaa faili kwa ajili ya mashine ya aina nyingine, na dawa yake ni kuchagua GRBL pale unapotoa faili.

Biti inapopotea njia

Hapa ndipo penye kazi. Nakshi inaanza vizuri, kisha ghafla nusu ya ua inahamia pembeni kwa milimita tano. Mota imeshindwa kufuata mapigo, au imeyafuata lakini chuma hakikuifuata.

Anza na chuma. Chukua kalamu ya wino usiofutika na uchore mstari mmoja unaopita juu ya mhimili wa mota, juu ya kiunganishi kinachoishika skrubu ndefu, na juu ya skrubu yenyewe. Fanya hivyo kwa mihimili yote mitatu ya mwendo: X na Y za kwenda pande mbili za meza, na Z ya kupanda na kushuka. Kama mashine yako ni ya mkanda wenye meno, chora mstari kutoka mhimili wa mota hadi kwenye puli. Kisha iendeshe kazi inayokosea. Mstari ukivunjika, yaani kipande kimoja kikazunguka na kingine kikabaki nyuma, umepata jibu bila kipimo chochote: ile skrubu ndogo ya kubana, inayokazwa kwa alenki, imelegea. Ikaze ikae juu ya sehemu bapa ya mhimili, na ukiweza weka tone la gundi ya kuzuia nati zisilegee. Mtetemo wa mota ya biti huzilegeza skrubu hizi kila baada ya miezi michache, hata katika mashine nzuri.

Mstari ukibaki mzima, shuku mota. Punguza kwa nusu mipangilio ya $110, $111 na $112, ambayo ni kasi ya juu kabisa ya kila mhimili, pamoja na $120, $121 na $122, ambayo ni wepesi wa kuongeza kasi. Jaribu tena. Kosa likitoweka, uliidai mota kuliko nguvu zake, nawe unaweza kuipandisha kasi kidogo kidogo mpaka utakapoona mpaka wake, kisha ushuke robo chini ya hapo. Mota hizi hupungua nguvu kadiri zinavyozunguka haraka, na kwa hiyo zinaweza kuvuta mzigo mkubwa polepole lakini zikashindwa na mzigo mdogo kwa kasi.

Kosa likijitokeza tu baada ya dakika kumi au kumi na tano za kazi, kisha mashine ikapona baada ya kupumzishwa, tatizo ni joto. Draiva ndogo za aina ya A4988 hujizima zikichemka na kujiwasha zikipoa, na katika chumba cha mabati mwezi wa Februari hapa kwetu, kuchemka si jambo la ajabu. Hakikisha kila draiva ina bamba lake la kupoza na feni inaipulizia moja kwa moja. Kisha pima mkondo. Katika A4988, volti inayopimwa kwenye kiskrubu chake, ikigawanywa kwa mara nane ya ukinzani wa rezista zake ndogo, hutoa mkondo wa mota. Rezista zilizoandikwa R100 zina ukinzani wa omu 0.1, kwa hiyo volti 0.8 humaanisha ampea 1. Soma maandishi ya rezista zako kabla ya kufanya hesabu, maana zipo bodi zenye R050, na volti ile ile humo ingetoa ampea 2. Tumia multimita na bisibisi iliyofunikwa, kwa sababu bisibisi ikiteleza hapo draiva inakufa mara moja. Mota yenyewe kuwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa muda mrefu si lazima iwe ugonjwa.

Mota ikinguruma na kutetemeka pasipo kuzunguka, koili yake moja haipati umeme. Zima, chomoa plagi ya mota, na upime kwa multimita: nyaya nne za mota hizi hujipanga jozi mbili, na kila jozi huonyesha omu chache. Usipokuwa na multimita, gusanisha nyaya mbili na uzungushe mhimili kwa vidole. Ukiwa mgumu kuzunguka, nyaya hizo ni za koili moja. Jozi zikiwa nzima, pima waya urefu wake wote huku ukiupindapinda, kwani waya unaotembea na mashine hukatikia ndani wakati ngozi yake bado ni nzima.

Na lile kosa linalokua kila safari? Ikiwa mashine hupoteza pigo kila inapogeuka, mara nyingi nyaya za draiva kubwa za nje, kama TB6600, zimeunganishwa kinyume, au pigo linalotumwa ni fupi mno kwa draiva hiyo. Mpangilio wa $0 hutawala urefu wa pigo katika sehemu za milioni za sekunde, na kupandisha kutoka 10 hadi 20 hakugharimu kitu.

Neno la pekee kwa mhimili wa Z. Kama kina cha nakshi kinabadilika ilhali X na Y viko sawa, angalia $1. Ikiwa si 255, bodi huzilegeza mota kila zinaposimama kidogo, na uzito wa mota ya biti huishusha Z taratibu. Andika $1=255 ili mota zishikilie muda wote. Chunguza pia koleti, yaani kishikio kinachoibana biti: chenye vumbi ndani huiacha biti iteleze kwenda chini, na shimo linazidi kuwa na kina bila bodi kuwa na kosa lolote.

Kibao cha milimita 300 kinapotoka na 296

Kipimo kikikosea kwa nusu au mara mbili kamili, vile vibanio vidogo vinavyogawa mapigo ya draiva vimekaa vibaya. Kikikosea kwa mara 25.4, faili limeandikwa kwa inchi na mashine imelisoma kwa milimita au kinyume chake. Tafuta G20 (inchi) au G21 (milimita) mwanzoni mwa faili.

Kwa makosa madogo, hesabu mapigo kwa milimita kutokana na chuma chenyewe kwanza. Mota ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa mapigo 200. Draiva ikiyagawa kwa 8, huwa 1,600, na skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko huhitaji mapigo 200 kwa milimita. Mkanda wa GT2 wenye puli ya meno 20 husogea milimita 40 kwa mzunguko, kwa hiyo huhitaji 40. Namba hizo ndizo zinazokaa katika $100, $101 na $102. Katika mashine ya mkanda, ambao huvutika kidogo, unaweza kurekebisha kwa kuzidisha namba ya zamani kwa umbali ulioagizwa na kugawanya kwa umbali uliopimwa. Katika mashine ya skrubu, sipendi kabisa njia hiyo. Skrubu haipungui milimita 4 katika 300 yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha namba unaficha ugonjwa, na utaukuta tena ukiwa umekua.

Ulegevu wa nati, ile inayotembea juu ya skrubu ndefu, huonekana kwa kuchonga duara la milimita 80. Likitoka na vibapa vidogo juu, chini, kushoto na kulia, nati na skrubu zina nafasi kati yao, na mhimili unapogeuka husafiri hewani kidogo kabla ya kusukuma. Nati zenye springi hukazwa; za plastiki zilizoliwa hubadilishwa. Duara likitoka kama yai, mihimili miwili haina mapigo sawa au haina pembe mraba. Pembe hupimwa kama anavyopima mwashi anapotambaza msingi: toboa kishimo, nenda milimita 300 kwenye X na utoboe, rudi na uende 400 kwenye Y na utoboe. Kutoka kishimo cha pili hadi cha tatu lazima pawe 500. Pasipofika, legeza upande mmoja wa daraja la mashine, usukume, kaza, upime tena.

Friji la barafu

Kwa muda wa mwezi mzima mashine yangu ilikuwa ikisimama na ALARM:1 katikati ya kazi, wakati biti ikiwa mbali kabisa na swichi zote. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha waya, nikafikia kupanga kununua bodi. Kilichonifungua macho ni daftari, kwa sababu nilianza kuandika saa ya kila kusimama, na saa hizo zilikuja kwa vipindi vilivyokaribiana. Mke wangu hugandisha barafu za ubuyu za kuwauzia watoto wa mtaa, na friji lake lilikuwa kwenye ekstensheni moja na mashine. Kila kompresa ilipoanza, mshtuko wa umeme ulipita katika nyaya, na bodi ikaudhani kuwa ni swichi iliyoguswa. Nilihamishia mashine kwenye soketi ya chumba kingine, na tahadhari zikapungua siku hiyo hiyo. Hazikuisha, ila zilipungua.

Zilikwisha baada ya kazi tatu. Kwanza, nyaya za swichi zilitenganishwa na nyaya za mota ya biti, zisipite katika fungu moja, na zikavuka kwa msalaba pale ambapo hazikuweza kuepukana. Pili, niliweka kapasita ya 0.1 ya mikrofaradi kati ya waya wa ishara na waya wa sifuri wa kila swichi, karibu na bodi. Tatu, nilitumia nyaya zenye ganda la chuma, na ganda hilo nikaliunganisha na ardhi upande mmoja tu; likiunganishwa pande zote mbili lenyewe linakuwa njia ya kelele. Swichi nazo ni afadhali ziungwe kwa namna ambayo umeme hupita wakati wote na kukatika zinapoguswa, maana hivyo hata waya ukikatika utajulikana.

Mota za biti zenye makaa, yaani brashi za kaboni ndani yake, hutoa cheche zinazofanya madhara hayo hayo. Makaa yaliyokwisha huyazidisha. Lakini yote haya hayana faida kama nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Nyumba nyingi za zamani mjini zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu haliendi popote. Kama hujazoea kupima umeme wa volti 230, mwite fundi umeme akague.

Mbao, biti na masika

Kingo za nakshi zikiungua na kuwa nyeusi, watu hupunguza mwendo, na hapo huzidisha kuungua. Biti inayozunguka mahali pamoja inasugua badala ya kukata. Mwendo hupatikana kwa kuzidisha mizunguko kwa dakika, idadi ya makali ya biti, na unene wa kipande ambacho kila kali hukiondoa: biti ya makali mawili kwa mizunguko 10,000, ikiondoa milimita 0.05 kila mara, inapaswa kwenda milimita 1,000 kwa dakika. Mashine dhaifu ikishindwa kwenda hivyo, punguza mizunguko au kina, usipunguze mwendo peke yake. Kinachotoka kiwe vipande vinavyoonekana kwa macho. Ukipata unga mtupu, biti haikati.

Msaji una chembechembe za silika ndani yake, nazo hula makali haraka kuliko mninga. Tumia biti za kabaidi, na ukianza kusikia sauti ikipanda na kuona nyuzi zimesimama kingoni, badilisha. Sauti hiyo utaizoea baada ya biti mbili au tatu.

Seremala mmoja jirani aliwahi kunitazama nikihangaika na kina kisicholingana, akaniuliza, "Mwanangu, ubao wako umelala?" Haukuwa umelala. Wakati wa masika MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hufura na mbao zilizokatwa karibuni hupinda usiku mmoja, hivyo ubao uliokuwa bapa jana huinuka katikati leo. Weka rula ya chuma juu yake kabla ya kufunga, funga kwa klampu pande nne, na kila miezi michache pitisha biti pana juu ya mbao ya meza yote ili uso wake uwe sambamba na mashine. Ukiona mistari ya ngazi ngazi baada ya kazi hiyo, mota ya biti imeinama upande mmoja. Iwekee kipande cha bati jembamba nyuma ya kishikio chake mpaka ngazi zitoweke.

Kuhusu kutu, niseme kwa ufupi: upepo wa bahari una chumvi, na reli isiyopakwa mafuta huanza kukwaruza ndani ya wiki chache. Futa vumbi kwanza, kisha paka mafuta mepesi kwa kitambaa. Grisi nzito juu ya skrubu iliyo wazi hushika unga wa mbao na kuwa msasa.

Umeme unapokatika katikati ya nakshi

Zima kwanza swichi ya mota ya biti, au ya rauta, yaani mashine ya mkono ya kuchongea mbao iliyofungwa mahali pa mota hiyo. Rauta iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme utakaporudi, pengine mkono wako ukiwa juu ya ubao. Kisha inua biti kwa kuizungusha skrubu ya Z taratibu kwa vidole, na usiuguse ubao wala klampu zake.

Umeme ukirudi, bodi itakuwa imesahau mahali ilipo, lakini sifuri ya kazi iliyowekwa katika G54 hubaki katika kumbukumbu yake. Kwa hiyo mwenye swichi za mipaka ataagiza $H, kisha ataipeleka biti kwenye X na Y za sifuri na kuhakikisha imefika kwenye kona ile ile. Asiye na swichi awe na mazoea ya kutoboa vishimo viwili vidogo katika sehemu ya kutupwa kabla ya kuanza kazi yoyote ndefu, na X na Y azitafute upya kwa biti yenye ncha kali inayoingia humo. Baada ya kurudisha biti ya kazi, sifuri ya Z aiweke upya juu ya uso wa ubao, kwa kuwa biti iliyobadilishwa haina tena urefu ule.

Fungua faili na utafute mstari ambao programu iliutuma mwisho. Usianzie hapo, kwa sababu bodi huwa imekwisha kupokea mistari kadhaa ambayo haijaikata. Rudi nyuma mpaka mahali ambapo Z inapanda kwenye kimo cha usalama, ufute kila kitu kati ya hapo na mistari ya mwanzo ya faili, na uhakikishe kwamba mistari ya mwanzo bado ina G21, G90 (vipimo vyote kutoka sifuri), G54 (sifuri ya kazi), agizo la kuwasha biti, na kasi ya kusogea iliyoandikwa kwa F. Hifadhi kwa jina jipya, faili la asili libaki kama lilivyo. Punguza mwendo hadi robo, weka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, uanze, na utazame kama biti inashuka ndani ya mfereji wake wa zamani kabla ya kurudisha kasi.